Mbona ari ya kazi huzimika kabla ya Machi?

JANUARI ya mwaka jana, karani mmoja wa Eneo la Viwanda jijini Nairobi alinunua shajara mpya. Katika ukurasa wa kwanza aliandika mambo manne: kuripoti kazini saa moja unusu asubuhi, kumaliza faili za siku kabla ya saa sita, kutoshika simu hadi wakati wa chakula cha mchana, na kusoma uhasibu kila jioni ili afanye mtihani wa KASNEB.

Majuma mawili ya kwanza alikuwa moto wa kuotea mbali. Mkubwa wake alimsifu mbele ya wenzake. Kufikia katikati ya Machi, shajara ile ilikuwa ikitumiwa kuandikia madeni ya dukani, na faili zilikuwa zimerundikana mezani hadi zikaziba dirisha. Aprili alikabidhiwa barua ya pili ya onyo. Ya tatu ingekuwa ya kumpiga kalamu.

"Mimi ni mvivu wa kuzaliwa," aliniambia. "Hata mama alikuwa akisema hivyo."

Bwana huyu ana mke na watoto wawili, na nyumba ya kupanga huko Kitengela. Mtu mwenye majukumu ya aina hiyo hakichezei kibarua chake kwa kupenda. Kwa sababu hiyo sikuikubali hukumu aliyojipa, na nadhani wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kujihukumu vivyo hivyo bila kujua kilichowapata.

Jambo la kwanza ni kutenganisha ari na nidhamu, kwani watu huzichanganya kila uchao. Ari ni ule msukumo wa moyo unaokufanya utake kufanya jambo. Huja na kuondoka kama hamu ya chakula, na haina aibu. Nidhamu ni utaratibu unaokufanya ulifanye jambo hilo hata siku ambayo moyo hautaki. Anayeitegemea ari peke yake huishia kuwa na nguvu za soda: mapovu mengi chupa inapofunguliwa, kisha kimya.

Hii ndiyo sababu semina za kutia watu hamasa, zile za hotelini zenye kiingilio cha maelfu ya shilingi na makofi mengi, hazinivutii. Mtu hutoka Ijumaa akiwa tayari kuuhamisha Mlima Kenya. Jumatano ifuatayo yuko pale pale, ila pochi ni nyepesi.

Je, ni suala la mshahara?

Wengi watasema tatizo ni pesa. Ulipwe vizuri, ari itakuja yenyewe. Jibu lake si rahisi hivyo.

Mwaka wa 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano waliyofanya na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza wakumbuke wakati walipoifurahia kazi yao kupita kiasi, na wakati walipoichukia. Mambo yaliyotajwa hayakuwa yale yale. Waliochukia walitaja mshahara, sheria za kampuni, msimamizi mbaya na mazingira ya kazi. Waliofurahi walitaja kazi yenyewe, kufaulu katika jambo gumu, kutambuliwa, na kupewa jukumu.

Herzberg alikata kauli kwamba mshahara duni humfanya mtu anung'unike, lakini mshahara mzuri pekee haumfanyi apende kazi. Wako waliomkosoa, wakisema ni kawaida ya binadamu kujisifu mambo yanapokwenda vyema na kuwalaumu wengine yanapoharibika. Ukosoaji huo una uzito. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuongezewa mshahara anajua jinsi furaha yake inavyodumu: mwezi wa kwanza unashangilia, mwezi wa tatu nyongeza ile imekuwa sehemu ya kodi na karo, na hakuna tena anayeikumbuka.

Mwaka wa 1971 Edward Deci, naye wa Marekani, alikwenda mbali zaidi. Aliwapa wanafunzi wa chuo mchezo wa kupanga vipande ili kuunda maumbo. Kundi moja lililipwa dola moja kwa kila umbo katika kikao cha pili, kisha malipo yakakatizwa. Kundi jingine halikulipwa kabisa. Wanafunzi walipoachwa peke yao bila kusimamiwa, wale waliokuwa wamelipwa walipunguza muda wa kuuchezea ikilinganishwa na hapo awali. Kilichokuwa burudani kilikuwa kimegeuka kibarua.

(Mwajiri anayesoma makala haya asikimbilie kuyakata na kuyabandika ukutani siku ya mazungumzo ya nyongeza ya mishahara. Mchezo wa vipande haulipi kodi ya nyumba, na mwenye njaa hana ari ya aina yoyote.)

Katika miaka iliyofuata, Deci na mwenzake Richard Ryan walieleza kwamba ari inayodumu hulishwa na mahitaji matatu. La kwanza ni mtu kuhisi kwamba ana usemi katika anachokifanya. La pili ni kuhisi kwamba anakimudu na anazidi kuwa stadi. La tatu ni kuhisi kwamba ameungana na watu wanaomjali. Palipokosekana hayo, mtu huenda kazini kama punda aendavyo kisimani.

Nilimuuliza karani wetu kuhusu hayo matatu. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia kwamba Februari walikuwa wamebadilishiwa utaratibu wa faili bila kuulizwa wala kuelezwa. Kazi aliyokuwa akiifahamu kwa miaka sita ikawa ngeni. Tena rafiki aliyekaa naye meza moja alihamishiwa tawi jingine. Hakuwa ameyahesabu mambo hayo. Alichohesabu ni uvivu wake tu.

Nguvu ya kujizuia ina kikomo?

Tumelelewa tukiamini kwamba mwenye nidhamu ni yule anayekunja ndita na kukishinda kishawishi. Sayansi nayo kwa muda iliamini kitu cha kukaribia hicho. Mwaka wa 1998 Roy Baumeister na wenzake waliwaweka watu mbele ya biskuti za chokoleti zilizotoka jikoni zikinukia, pamoja na figili. Baadhi waliamrishwa wale figili pekee. Baadaye, walipopewa fumbo lisilotatulika, wale wa figili walikata tamaa mapema kuliko wenzao. Ikasemwa kwamba kujizuia ni kama msuli: ukitumika sana huchoka.

Dai hilo lilisambaa mno. Lakini mwaka wa 2016 maabara 23 kutoka nchi mbalimbali zilijaribu wazo hilo upya kwa watu zaidi ya 2,000, na zikakuta kwamba athari ile karibu haionekani. Mjadala haujaisha, ila si busara tena kumwambia mtu kwamba nguvu zake za kujizuia zimekwisha kama mafuta ya taa kwenye kibatari.

Lililo na faida zaidi kwetu ni utafiti wa Wilhelm Hofmann na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2012. Walifuatilia watu 205 nchini Ujerumani kwa siku kadhaa, wakiwauliza mara kwa mara wakati ule ule ni kitu gani wanakitamani na kama wanapambana nacho. Ungetarajia wenye kujidhibiti sana wawe ndio wenye kupigana sana. La hasha. Walikuwa na mapambano machache kuliko wengine. Inaelekea watu hawa huyapanga maisha yao hivi kwamba kishawishi hakiwakuti njiani.

Jambo hili linabadilisha kila kitu. Kijana unayemwona kazini akimaliza kazi mapema huenda hana moyo wa chuma. Huenda ameiacha simu ndani ya droo iliyofungwa, basi. Karani wetu alikuwa akiiweka simu mezani, uso juu, kisha akishinda asubuhi nzima akijizuia kuitazama. Kila ujumbe wa kikundi cha mazishi, kikundi cha shule na kikundi cha chama ulikuwa vita vipya. Mwezi wa Mei alianza kuiacha kwa mlinzi wa mapokezi hadi saa saba, baada ya kumpa mkewe nambari ya simu ya afisini kwa ajili ya dharura. Hakuongezewa nidhamu yoyote, ila alipunguziwa vita.

Siku 21 ni uvumi

Watu wengi husema mazoea huota mizizi kwa siku 21. Inaaminika kwamba chimbuko la hesabu hiyo ni kitabu cha mwaka wa 1960 cha daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura nchini Marekani, Maxwell Maltz. Aligundua kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku zipatazo 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Neno "angalau" lilidondoka njiani, na pua mpya ikageuka kuwa kanuni ya kuamka mapema.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha London cha UCL, wakiongozwa na Phillippa Lally, walilipima jambo hilo ipasavyo. Matokeo yao yalitoka mwaka wa 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja tendo moja dogo la kila siku, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, wakalifuata kwa majuma 12. Kwa mtu wa katikati, tendo lilianza kujiendesha lenyewe baada ya siku 66. Wa haraka alichukua siku 18. Wa polepole, kwa makadirio ya hesabu, angehitaji siku 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi kuliko mazoezi ya mwili.

Sasa tazama kalenda. Ukianza Januari 2, siku ya 66 inaangukia mwanzoni mwa Machi. Hapo ndipo karani wetu alipotupa shajara. Kama angekuwa na tendo moja dogo badala ya manne makubwa, huenda angekuwa amebakisha siku chache tu kabla ya mzigo kuanza kujibeba.

Utafiti huo una habari nyingine njema. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu chochote cha maana. Kinachowamaliza watu wengi si ile siku moja waliyokosa bali maneno wanayojiambia kesho yake: "Nimeshaharibu, basi." Mtoza wa matatu akikosa abiria katika kituo kimoja haegeshi gari hadi mwaka ujao.

Eliud Kipchoge anajulikana kwa ile mbio ya Vienna ya Oktoba 12, 2019, aliyoikamilisha kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kuna mbio nyingine inayofaa kukumbukwa hapa. Oktoba 4, 2020, jijini London, alimaliza wa nane. Alirudi Kaptagat, kwa kocha yule yule, kambi ile ile ya kulala na wenzake na kupokezana zamu za usafi, na daftari la kuandikia mazoezi ya kila siku. Agosti 8, 2021 alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Sapporo. Hakubuni maisha mapya baada ya kushindwa. Tena, angalia kwamba hafanyi mazoezi peke yake: asubuhi ambayo moyo hautaki, kuna watu wanaomsubiri mlangoni.

Lini, wapi, nini

Nia nzuri hufa kwa kukosa anwani. "Nitajitahidi zaidi kazini" ni nia isiyojua saa wala mahali. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametumia miaka mingi akionyesha kwamba nia hushika ikifungwa na wakati na pahali maalumu. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 1997, wanafunzi walitakiwa waandike ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi na kuituma. Walioamua mapema wataiandika lini na wapi, zaidi ya thuluthi mbili walitimiza. Wasioamua, ni kama thuluthi moja tu.

Kwa hivyo badala ya "nitasoma kila jioni", karani anaweza kusema: "Jumanne na Alhamisi, nikishafika kituo cha matatu, nitangoja gari nikiwa nimefungua kitabu, na nitasoma hadi Mlolongo." Hapo kuna saa, mahali na mwisho wake. Mwisho ni muhimu kuliko tunavyodhani, kwa sababu kazi isiyo na mwisho huogopesha hata kabla ya kuanzwa.

Mwili nao una neno

Ukurasa huu ni wa afya, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Karani wetu huamka saa kumi alfajiri ili ayapite magari ya Barabara ya Mombasa. Hurudi nyumbani saa mbili usiku, hula, na saa tatu ndipo hufungua kitabu cha uhasibu. Kutoka saa kumi alfajiri hadi saa tatu usiku ni saa 17. Mwaka wa 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi ya mikono na macho kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi, dereva mwenye kiwango hicho hunyang'anywa usukani. Yeye alikuwa akijaribu kujifunza hesabu za mizania katika hali hiyo, kisha akijiita mvivu kwa kusinzia.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Anayelala saa nne unusu hadi saa kumi alfajiri amepata saa tano na nusu, na deni hilo halilipwi kwa chai ya rangi. Kahawa ya jioni huzidisha deni, maana baada ya takriban saa tano nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini.

Kuna hali nyingine nzito zaidi. Mwaka wa 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa New York, alieleza jinsi wahudumu wa kliniki za kujitolea, wale waliokuwa na bidii kuliko wote, walivyoungua ndani kwa ndani hadi wakabaki majivu. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni liliuingiza uchovu huu katika orodha yake ya kimataifa, likisema kwamba si ugonjwa bali ni hali itokanayo na mkazo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi uliyoipenda, na kuhisi kwamba huna faida yoyote pale kazini.

Mwenye hali hiyo hahitaji kuambiwa "jikaze". Kujikaza ndiko kulikomfikisha hapo. Anahitaji kupunguziwa mzigo na kupumzika. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi wa Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12 ya utumishi. Najua wapo wanaoogopa kuchukua likizo wasije wakakuta kiti kimekaliwa. Hofu hiyo ina msingi siku hizi za kazi haba, na singependa kuidharau. Lakini likizo si hisani ya bosi, na anayeiacha miaka mitatu mfululizo aghalabu huichukua yote kwa pamoja akiwa kitandani.

Kisha yapo magonjwa yanayovaa joho la uvivu. Upungufu wa damu, ambao huwapata hasa akina mama wenye hedhi nzito, humfanya mtu achoke akipanda ngazi mbili. Tezi ya thairoidi ya shingoni ikizembea, mwili wote huenda polepole, mtu akanenepa, akahisi baridi na kusahau. Kisukari huchosha, kikiambatana na kiu na kukojoa mara kwa mara. Magonjwa haya yote huonekana kwa vipimo vya damu vya kawaida, na yote hutibika au kudhibitiwa.

La mwisho ni sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo. Huzuni ya kawaida ina sababu na hupungua. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, umepoteza raha ya mambo uliyoyapenda, usingizi umeharibika, chakula hakina ladha, unajiona huna thamani, au umeanza kuona afadhali usingekuwapo, hilo si suala la nidhamu. Nenda kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya kaunti. Hospitali ya Mathari iliyoko Barabara ya Thika hutibu pia watu wanaorudi makwao siku hiyo hiyo, wengi wao wakiwa wafanyakazi kama wewe na mimi. Kama ni lile wazo la kutokuwapo, usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie mtu leo, na mwende pamoja.

Nilimshawishi karani wetu apimwe. Damu yake ilikuwa sawa na sukari ilikuwa sawa. Tatizo lake kubwa lilikuwa usingizi, na la pili lilikuwa ule utaratibu mpya wa faili, ambao hakuwa amethubutu kukiri kwamba haulewi. Juni alimwomba msimamizi amwelekeze, akiwa na hofu kwamba barua ya tatu ingetoka siku hiyo. Msimamizi alikaa naye alasiri mbili.

Sasa huzima taa saa tatu usiku. Husoma mara mbili kwa juma ndani ya matatu, na mtihani ameuahirisha hadi atakapokuwa tayari. Barua ya tatu haijaja. Nilipompigia simu juma lililopita ilipokelewa na mlinzi wa mapokezi, akaniambia nijaribu tena baada ya saa saba.